Bendera ya Buluu ufukweni: ina maana watoto waogelee bila wasiwasi?

UmmuNasra_Northampton
Assalaam alaykum wanajamvi. Sisi tunaishi Northampton, bahari iko mbali kila upande. Skuli zikifungwa mwishoni mwa mwezi wa saba tunataka kuwapeleka watoto Bournemouth, familia tatu tukodi basi dogo. Nimeona fukwe kadhaa za kule zina Bendera ya Buluu, na nyengine zina tuzo iitwayo Seaside Award. Mume wangu anasema penye bendera hiyo pana usalama, tukaoge tu. Mimi moyo haujatulia. Wanangu wamezaliwa hapahapa, wanajua kuogelea kwenye bwawa basi. Bendera hii hutolewa na nani, na inathibitisha nini hasa? Tena tunaye mama mkwe, anatumia kiti cha magurudumu, na anatamani sana kufika kwenye maji.

Chumbe_Boy
Waalaykum salaam. Dada nendeni, hiyo ndiyo tuzo ya juu kabisa. Sisi tulikwenda kiangazi kilichopita, vyoo visafi, mchanga safi. Chukueni mikeka na chupa ya chai, vitu vya kule ghali.

Salum_wa_Mkokotoni
Waalaykum salaam dada yangu. Nafanya kazi ya usafi wa ufukwe katika halmashauri moja ya kusini huku, na bendera hiyo mara nyengine naipandisha kwa mikono yangu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hamjalipa basi.

Bendera ya Buluu ilianza Ufaransa mwaka 1985, ikaenea Ulaya mwaka 1987. Mwenyewe ni FEE, shirika la kimataifa la elimu ya mazingira lenye makao Copenhagen. Hapa England wasimamizi ni Keep Britain Tidy, na hao hao ndio wenye Seaside Award. Si tuzo ya maisha. Kila mwaka halmashauri huomba upya, wakaguzi wanaweza kuja bila kubisha hodi, na sharti kubwa likivunjwa bendera inashushwa. Masharti ya ufukwe ni 33: vyoo, mapipa ya taka, huduma ya kwanza, waokoaji au vifaa vya kuokolea, mbwa kudhibitiwa, ramani, na ubao wenye matokeo ya vipimo vya maji. Ukifika, utafute ubao huo kwanza.

Sharti zito ni la maji. Mtu huingia mpaka yamfike kiunoni, akaizamisha chupa iliyotakaswa kiasi cha sentimita 30 chini ya uso wa maji, akaifunga palepale, ikapelekwa maabara ikiwa kwenye sanduku la baridi. Huko hutafutwa vijidudu vya kinyesi, E. coli na enterokoki. Bendera ya Buluu inakubali daraja la juu tu, yaani kwa maji ya bahari E. coli wasizidi 250 katika mililita 100, na enterokoki wasizidi 100. Seaside Award inapokea hata daraja la kutosha. Na hesabu hupigwa kwa sampuli za mpaka misimu minne zikichukuliwa pamoja, si kwa chupa moja.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Bendera inakuambia ufukwe umekuwaje miaka hiyo. Maji ya leo haiyajui. Hata chupa ikichukuliwa asubuhi hii, vijidudu lazima vioteshwe kwanza, majibu yaje kesho au kesho kutwa. Na miji mingi huku ina mabomba ya zamani ambamo maji ya mvua na ya vyooni yanapita pamoja. Mvua ikizidi, bomba linafurika na mchanganyiko wote unamwagwa mtoni au baharini. Nimewahi kushinda asubuhi nzima, baada ya usiku wa radi, nikiokota vile vitambaa laini vya kufutia watoto, vimejipanga kwenye ukingo wa maji kama mwani. Iliniuma sana, kwa sababu saa mbili baadaye wazee na wajukuu wangefika na ndoo zao, wanaiamini ile bendera.

Kwa hiyo ikinyesha sana, ahirisheni siku mbili. Msimu wa kuoga ni 15 Mei hadi 30 Septemba, na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira hapa England, huweka kwenye tovuti yao tahadhari za uchafuzi kwa fukwe nyingi. Itazame asubuhi ileile.

Mwani wenyewe usikutishe. Kila mwaka watu wanatulalamikia kwamba unanuka na bendera ipo. Masharti yanataka uachwe mpaka uwe kero kweli, maana viumbe wa pwani wanaishi humo.

Sasa watoto. Bendera zinazowahusu ni za waokoaji. Nyekundu juu na njano chini, zikiwa mbili, ogeni katikati yake tu. Miraba myeusi na myeupe ni eneo la wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, msiingie kuogelea. Nyekundu tupu, asiingie mtu. Ule mfuko wa rangi ya chungwa unaojazwa na upepo maana yake msitie maji boya wala mtumbwi wa kujaza pumzi. Huo nakuomba uushike sana. Upepo ukitoka bara kwenda baharini, maji karibu na ufukwe yanatulia yanapendeza, na mtoto aliyekaa juu ya boya anachukuliwa kimya kimya. Ukienda kumfuata unaogelea nyuma ya kitu chepesi kuliko wewe, humpati. Piga 999, uwaombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Watoto wakae mbali na zile kuta za magogo zinazoingia baharini na nguzo za gati, kwani pembeni yake maji hurudi baharini kwa nguvu. Akivutwa asishindane nayo. Alale chali, masikio ndani ya maji, apumue, aelee, anyanyue mkono. Wafundisheni hilo bwawani kabla ya safari. Na baridi: chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka, pumzi inakatika, hata kama umekulia Forodhani unaruka ukutani. Waingie taratibu.

Nahodha_Tanga
Kaka Salum umenena. Huku kwetu tunasoma bamvua na maji mafu, yaani maji kujaa sana na kujaa kidogo, na mlango wa mwamba kila mtoto anaonyeshwa. Lakini bendera hizi mbona hatuzioni? Au ni za Wazungu?

Salum_wa_Mkokotoni
Hapana, kaka. Afrika Kusini walizipata mwaka 2001, wa kwanza nje ya Ulaya, na Moroko na Tunisia wanazo. Inatakiwa taasisi ya nchi ijiunge na FEE, maabara ya kuaminika, na mtu wa kuchukua maji kila mwezi wa msimu bila kukosa. Gharama kubwa ni mabomba ya maji taka. Durban, mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya maji taka, na fukwe zikafungwa kwa miezi. Mimi ningependa Tanga na Unguja tuanze na ubao wa vipimo tu, hata bendera isiwepo.

UmmuNasra_Northampton
Shukran sana kaka, nimemsomea mume wangu yote. Na mama mkwe?

Salum_wa_Mkokotoni
Masharti yanataka kila halmashauri yenye Bendera ya Buluu iwe na angalau ufukwe mmoja wenye njia na huduma kwa walemavu. Viko viti vya matairi manene yaliyojaa hewa, vinapita mchangani mpaka kwenye maji, lakini ni vichache na kiangazi vinagombaniwa. Pigeni simu halmashauri wiki moja au mbili kabla, uliza kiti kinakaa kituo gani, kinatolewa saa ngapi, na kama choo cha walemavu kiko karibu na hapo. Ufukwe mchague kwa kufuata kituo hicho, na dereva mwambieni awashushe hapo hapo. Kiti kile ni kizito, kinataka watu wawili wa kusukuma, na mama afungwe mkanda kabla hamjaanza kuteremka.