MJADALA: Kipa wa akiba akidaka vizuri mechi tatu, lango liwe lake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hoja hii haiishi vijiweni. Kipa namba moja anaumia, wa benchi anaingia, anadaka kama mtu aliyesubiri siku hiyo maisha yake yote, kisha mwenye namba anapona na kijana anarudishwa kukaa karibu na chupa za maji.

Mfano wa hapa nyumbani ni Ally Salim wa Simba, mwaka 2023. Mbele yake walikuwepo Aishi Manula na Beno Kakolanya. Aprili 16 akasimama langoni, Simba ikaifunga Yanga 2-0. Agosti 13 pale Mkwakwani, Tanga, Ngao ya Jamii ikaisha 0-0 dhidi ya Yanga hao hao, wakaenda kwenye matuta, kijana akapangua penalti tatu na Simba ikachukua ngao kwa 3-1. Novemba 5 dabi ikarudi. Safari hii akaanza Manula, ndiyo kwanza anatoka kwenye majeraha ya muda mrefu. Yanga ikashinda 5-1.

Sisemi mabao matano yote ni ya kipa. Ninachouliza ni kwamba kipa wa akiba afanye nini hasa ili lango liwe lake? Msimamo wangu: akicheza mechi tatu mfululizo za ushindani bila kosa lililozaa bao, aliyekuwa namba moja akae benchi apiganie nafasi, kama anavyofanya winga au fulubeki.

Kocha wa Makipa

Mleta mada, mechi tatu ni chache, na kipimo chenyewe kinavuja. Kipa anaweza kutoka mechi tatu bila kuruhusu bao kwa sababu hakujaribiwa. Tena makosa makubwa ya kipa wa akiba mara nyingi hayaandikwi kwa jina lake.

Chukua krosi. Simamisha video pale winga anapovuta mguu kupiga, uone kipa kasimama wapi. Mpira ukiwa pembeni kabisa, anatakiwa awe katikati ya lango au nusu hatua kuelekea nguzo ya mbali, mwili umefunguka ili amwone mpigaji na wanaoingia. Kipa ambaye hajacheza siku nyingi hujibanza kwenye mstari, kisigino kinakaribia kugusa nyavu. Krosi inashuka ndani ya sita, yaani boksi dogo mbele ya lango, mshambuliaji anapiga kichwa kutoka mita nne. Bao. Uwanja mzima unamzomea beki aliyepitwa hewani, wakati mpira ule ulikuwa wa kipa.

La pili ni pale timu inaposhambulia. Mabeki wakisogea hadi karibu na mstari wa kati, kipa awe nje ya 18, yaani boksi la penalti, mita 20 hadi 25 kutoka langoni kwake, tayari kufagia pasi ndefu. Asiyejiamini hubaki kwenye nukta ya penalti. Mabeki wa kati wanaona uwazi uliopo nyuma yao, wanaanza kushuka wenyewe bila kuambiwa, viungo wanabaki juu, na pale katikati panakuwa shamba la mtu kulima. Baada ya mechi analaumiwa kiungo mkabaji.

Chanzo cha yote mawili ni ratiba ya wiki. Siku nyingi anayesimama nyuma ya mabeki wanne wa kwanza ni namba moja. Namba mbili yuko lango la pili, anapigiwa mashuti na washambuliaji wa kikosi cha kwanza. Kwa hiyo mikono yake inaweza kuwa moto kuliko ya mwenzake. Shida ni sauti yake, mabeki hawaijui.

Jukwaa la Mzunguko

Kocha, umemfungia kijana mlango pande zote. Hapewi mabeki mazoezini kwa kuwa hachezi, na hachezi kwa kuwa hajazoeana na mabeki. Atokee wapi sasa?

Emiliano Martínez alifika Arsenal mwaka 2010. Miaka kumi! Juni 20, 2020 kipa namba moja, Leno, akaumia goti Brighton, Martínez akaingia, na Agosti 1 alikuwa langoni Arsenal ikiichapa Chelsea 2-1 fainali ya Kombe la FA. Septemba akauzwa Aston Villa. Miaka miwili baadaye ni bingwa wa dunia, na ule mguu aliomwekea Kolo Muani wa Ufaransa dakika za mwisho za fainali ya Qatar kila mtu anaukumbuka. Bila jeraha la Leno tungesema ni kipa wa kawaida tu.

Benchi la Ufundi

Jukwaa, simulizi ya Martínez umeikata katikati. Ndani ya miaka hiyo kumi alitolewa kwa mkopo Oxford United, Sheffield Wednesday, Rotherham, Wolves, Getafe na Reading. Timu sita. Alipoingia pale Brighton alikuwa ameshakula krosi za Championship, ligi ya daraja la pili England, kwenye baridi na mvua, na pale Reading alicheza nusu msimu mzima mfululizo. Hakutoka kwenye barafu.

Hapo ndipo klabu zetu kubwa zinapoharibu. Kijana wa miaka 21 anasajiliwa awe namba tatu, anakaa misimu minne, anacheza mechi mbili za Kombe la Shirikisho na kirafiki cha maandalizi. Dirisha dogo likifika, mpeleke kwa mkopo timu inayopigania kutoshuka daraja. Huko atakutana na kona kumi kwa mechi na viwanja ambavyo mpira unadunda mara mbili kabla ya kumfikia. Sharti moja tu liwekwe kwenye mkataba wa mkopo: asipocheza idadi fulani ya mechi, arudi. La sivyo umemhamisha kutoka benchi moja kwenda lingine, kama ilivyomkuta Martínez kule Getafe.

Mdau wa Minneapolis

Wakuu, niko Marekani, na huku mjadala huu ndio chakula cha kila Jumatatu, ila wao wanabishana juu ya kwotabeki wa mpira wa Kimarekani. Kwa asiyefuatilia: ndiye mchezaji anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua urushwe wapi. Anacheza mmoja tu, na mazoezini wa kwanza ndiye anayepewa karibu muda wote na kikosi cha kwanza. Hali ile ile ya kipa.

Tom Brady alichaguliwa namba 199 mwaka 2000, klabu zilipogawana wachezaji wapya. Msimu wa 2001, mechi ya pili, kwotabeki namba moja Drew Bledsoe akagongwa vibaya, Brady akaingia na New England wakamaliza msimu ule na Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi. Bledsoe alipona kabla msimu haujaisha. Kocha Belichick akakataa kumrudishia namba, ingawa klabu ilikuwa imetoka tu kumpa mkataba mnono.

Ila kuna Matt Flynn, mkumbukeni na huyu. Akiba wa Aaron Rodgers pale Green Bay, Januari 1, 2012 akapewa mechi moja, akarusha yadi 480 na pasi sita za mabao. Seattle wakamlipa kama mwanzaji kwa mechi ile. Kabla msimu haujaanza akanyang'anywa namba na Russell Wilson, mgeni kabisa kwenye ligi. Tofauti yao ni kwamba Brady alipewa miezi, wiki baada ya wiki, wapinzani wakimsoma naye akijibu. Flynn alipimwa kwa alasiri moja, tena mpinzani alikuwa na video chache tu za kumsoma.

Takwimu Kwanza

Hilo la video Mdau kaligusa vizuri. Mechi mbili za kwanza mpinzani hajui kipa mpya anapenda kupiga goli kiki upande gani au anaogopa mguu upi. Kuanzia ya nne wanajua. Mimi ningehesabu mechi ya nne hadi ya nane, zile tatu za mwanzo ningezitupa kapuni.

Mtu wa Matuta

Mbona mnachanganya kudaka penalti na kudaka mechi? Ally Salim kupangua tatu Mkwakwani ni kazi kubwa, lakini penalti ina ufundi wake. Mpira uko mita 11, hakuna krosi, hakuna beki wa kupanga.

Ufundi huo nao unataka maandalizi. Kombe la Dunia 2014, robo fainali, kocha wa Uholanzi Van Gaal alimtoa kipa wake Cillessen dakika ya 120 na kumwingiza Tim Krul, akapangua mbili, Uholanzi ikaitoa Costa Rica. Nusu fainali dhidi ya Argentina alikuwa ameshamaliza wachezaji wake watatu wa kubadilisha. Cillessen akabaki langoni, hakudaka hata moja. Chelsea nao: Agosti 2021 kipa wa akiba Kepa aliingizwa mwishoni dhidi ya Villarreal, akaokoa mbili, wakabeba Super Cup ya Ulaya. Februari 2022 wakarudia ujanja ule ule fainali ya Kombe la Ligi. Liverpool walipiga 11, zote zikaingia, na ya Kepa mwenyewe ikapaa juu. Aliyefunga ya 11 ya Liverpool ni Kelleher, kipa wa akiba ambaye kocha Klopp alimwanzisha fainali ile huku namba moja, Alisson, akiwa mzima benchi.

Kwa hiyo ukitaka kumwingiza mtu wa matuta, fanya hivi. Bakiza mabadiliko moja. Aanze kupasha dakika ya 105, si ya 117: nyonga na paja kwanza, kisha miruko minne kila upande, basi. Akipiga ishirini ataingia miguu imeisha. Glavu zilowekwe kidogo, zikiwa kavu mpira unateleza. Zisiwe mpya. Aingie kabla ya filimbi ya dakika 120, kwa sababu baada ya hapo kipa habadilishwi mpaka aumie, na timu iwe bado na nafasi ya kubadilisha. Orodha ya wapigaji ibandikwe kwenye chupa, kama alivyofanya Gabaski wa Misri kwenye fainali ya AFCON Februari 2022. Na wakati wa pigo mguu mmoja uwe juu ya mstari au nyuma yake, la sivyo ataokoa na pigo litarudiwa.

Jukwaa la Mzunguko

Huyo Gabaski umemtaja kwenye chupa tu, wakati ni shahidi wangu! Aliingia namba moja, El Shenawy, alipoumia dhidi ya Ivory Coast, Misri ikapita kwa matuta. Akaitoa Cameroon kwa matuta. Fainali akapangua penalti ya Mané wa Senegal ndani ya dakika 90, akawa mchezaji bora wa mechi ingawa Misri ilipoteza. Nani alimwandaa wiki nzima na mabeki?

Kocha wa Makipa

Jukwaa, kambi ya timu ya taifa makipa watatu wanagawana mabeki, maana mabeki wenyewe wamekutana juzi. Hakuna aliyezoeana na yeyote. Usilinganishe na klabu.

Lakini mlango sijamfungia, nausogeza tu. Namba moja akiumia na kuna siku sita kabla ya mechi, hizi ndizo siku za kumjenga huyu. Siku mbili katika hizo, krosi zikiwa na watu ndani: mabeki watatu wa kikosi cha kwanza, washambuliaji watatu, krosi 30, nusu kila upande, nyingine zikikata kuingia langoni, nyingine zikitoka. Krosi bila watu ndani ni mazoezi ya picha. Wakubaliane maneno mawili tu, "yangu" na "toa", na beki wa kigeni afundishwe hayo hayo. "Yangu" itamkwe kabla mguu haujaondoka kwenye mstari. Akiitamka yuko hewani, beki naye yuko hewani. Ukuta: frikiki ya katikati mita 20, watu watano, ya pembeni, wawili. Asikae kwenye nguzo akipanga matofali kama fundi ujenzi, wapinzani watapiga haraka.

Baada ya hapo mpe mechi tano, tangaza kwamba ni zake zote tano hata mwenzake akipona katikati. Kipa anayejua atatolewa akikosea hatoki kwenye mstari.

Mleta mada

Nakubali kurekebisha. Tatu zangu zife, ziwe tano za Kocha, na mwenye namba akipona aanzie kwenye kombe. Ila nani atalinda ahadi hiyo? Kocha wa Simba, Robertinho, aliondolewa siku mbili baada ya ile 5-1. Kocha mpya haji na ahadi za aliyetoka.

Benchi la Ufundi

Kocha wa makipa ndiye aliyetakiwa kubeba hilo faili, na pale Simba alikuwepo: Cadena ndiye aliyeshika timu kwa muda pamoja na kocha msaidizi Matola. Kisha akaja kocha mpya, Benchikha. Sisi tukaendelea kugombana vijiweni, huyu Manula, yule Salim. Lango akalichukua Ayoub Lakred, aliyesajiliwa kutoka Morocco.