Bagamoyo: Mtoto wa farasi anafungwa kama jambazi, halafu mwenye mali anaita "mafunzo"

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Huku upande wa Kaole kuna bwana anafuga farasi wa kupandisha wageni ufukweni mwisho wa wiki. Simtaji, na hata kama mmeshamjua naomba msimtaje. Mimi ni saisi wa kuitwa: nachonga kwato, nasafisha vidonda, nalipwa, naondoka. Juzi kaniita nimchonge kwato dume mdogo ambaye hajafikisha hata miaka miwili. Nimemkuta kafungwa miguu ya mbele kwa kamba ya katani, mnyororo wa mbwa umepita juu ya pua na kufungwa nguzoni, na mdomo wa juu umesokotwa kwa kitanzi kilichofungwa kwenye mpini wa jembe. Dogo aliyeshikilia mpini anachezea simu kwa mkono wa pili. Namuuliza, yuko hivi tangu saa ngapi? "Tangu bosi alivyoenda kunywa chai, kaka."

Nikafungua kamba. Juu kidogo ya kwato manyoya hayapo, ni nyama mbichi na nzi. Farasi mwenyewe hakusogea hata nilipomgusa pale pale kwenye kidonda. Bosi karudi anajisifu: "Umeona alivyo mpole? Wiki iliyopita alikuwa anarusha mateke." Jamani! Mtoto wa farasi akiguswa kidonda asishtuke, huo upole umetoka wapi? Huyo kakata tamaa.

Sasa wasije watu hapa kunifundisha kwamba farasi lazima afungwe. Hicho kitanzi, yaani kibano cha mdomo, nakitumia mwenyewe, daktari akitaka kushona kidonda na dawa ya usingizi hakuna. Watafiti wa Kiholanzi walichapisha mwaka 1984 kwamba kinaamsha mwilini kemikali zinazotuliza maumivu. Lakini utafiti mwingine wa 2017 ulipima mapigo ya moyo: dakika kama tano za mwanzo yanashuka, ukizidisha yanapanda. Sikio ndiyo kabisa, ukilisokota mapigo yanapanda hapo hapo. Kwa hiyo hicho ni kifaa cha dakika chache kwa kazi yenye sababu. Hakikuwekwa duniani ili bosi apate nafasi ya kumaliza vitumbua vyake.

Na huo mnyororo. Farasi hapumui kwa mdomo, wakuu. Pua ndiyo njia pekee aliyonayo, na mfupa wake ni mwembamba, ukishuka kidogo unakuta gegedu tupu, ule mfupa laini. Hata kwa farasi wakubwa wa mashindano, wenye madaktari wao, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeanza mwaka 2025 kutumia kipimo maalumu kuhakikisha mkanda wa pua haukazwi kupita kiasi. Huo ni mkanda wa ngozi. Sisi tunaweka chuma kwa mtoto.

Nikaona pembeni lijamu limeshaandaliwa, maana mpango ni apandwe msimu huu. Farasi anaanza kung'oka meno ya utoto akiwa na miaka miwili na nusu hivi, anaendelea mpaka minne na zaidi. Yaani unampa chuma mdomoni wakati fizi ndiyo zinaanza kuuma. Uti wa mgongo unachelewa zaidi kukomaa, ni mpaka miaka mitano au sita. Nikamwambia, bosi, huyu bado mtoto. Akanijibu, "Wewe ni saisi au daktari?"

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya kumfundisha haina gharama. Unavuta kamba kidogo, akisogea hatua moja unalegeza pale pale. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Sasa mnyororo uliofungwa nguzoni unalegezwa na nani? Akivuta, unabana. Akisimama, bado unabana. Atajifunza nini hapo zaidi ya kwamba binadamu anaumiza? Ila kulegeza kunataka mtu awepo, asubuhi na jioni, bila simu mkononi, na huyo mtu bosi hataki kumlipa. Mpini wa jembe hauombi mshahara.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Farasi hawajatolewa humo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika kwamba babu zetu walifunga punda miguu na hawakufa. Punda mkubwa, aliyezoea kamba, akafungwa kwa kulegea ili asiingie shamba la mtu, bado anatembea na anakula. Huyu dume alikuwa hawezi hata kuinama.

Na mliouliza nimechukua hatua gani: kidonda nimekisafisha, kwato sijachonga. Nimemwambia nitarudi siku mnyororo ukitoka. Kasema atamleta saisi wa Dar, wako wengi na hawana maneno mengi kama mimi. Basi masaisi wa Dar mliomo humu, mkipigiwa simu ya Kaole kwa ajili ya dume mwekundu mwenye baka jeupe usoni, muulizeni kwanza mnyororo umetoka au bado. Tukikataa wote, atamchonga yeye mwenyewe.