2048 kwenye simu: rangi zinapotea juani, na kidole kikishuka mchezo unaanza upya

Bi Leso, Likoni

Hamjambo wenzangu. Nauza leso Mtaa wa Biashara, kisiwani Mombasa, na nakaa Likoni ng'ambo, kwa hivyo asubuhi na jioni niko feri. Hapo kwenye foleni ndipo ninapocheza 2048, ule wa miraba 16, unasukuma namba kwa kidole: 2 na 2 zinaungana ziwe 4, 4 na 4 ziwe 8, mpaka ufike 2048. Nacheza kwenye kivinjari tu, sijapakua kitu.

Nna mambo mawili. La kwanza ni rangi. Kazi yangu ndiyo hiyo. Mteja akitaka manjano namuuliza ya ndimu, ya bizari au ya kiini cha yai. Sasa humu 2 ni rangi ya maziwa, 4 ni maziwa yaliyodondoshewa chai. Kuanzia 8 hadi 64 pamekaa vizuri, chungwa linakolea mpaka linakuwa jekundu, jicho linaona namba inapanda. Halafu 128 manjano, 256 manjano, 512 manjano, 1024 manjano, na 2048 yenyewe manjano. Nyumbani nazitofautisha. Juu ya feri, jua la saa nne limepiga kioo, zote ni kitambaa kimoja. Na hapo ndipo maandishi yanakuwa madogo, maana tarakimu nne lazima zienee kwenye mraba uleule wa tarakimu moja.

Leso ina pindo. Hata ipauke vipi, pindo linakuonyesha mji, yaani ile sehemu ya katikati, unaanzia wapi. Kwa nini miraba hii isiwe na pindo, kila namba na lake?

La pili limeniuma. Jumanne nilikuwa na 1024 pembeni na 512 ubavuni mwake, sijawahi kufika hapo. Nikashusha kidole, ukurasa mzima ukashuka nacho, kile kiduara kikazunguka, kutahamaki ubao mtupu na 2 mbili. Nikabaki nimesimama, watu wananipita kuingia chomboni. Nyinyi mnachezaje? Kuna toleo lisilofanya hivi?

Kijana wa Tudor

Pole sana Bi. Mimi nacheza kwenye laptopu, kwa mishale ya kibodi, na tabu hiyo siijui. Mshale wangu wa kushoto umelegea, natumia herufi W, A, S na D, zinafanya kazi vilevile. Rangi sijaona shida, ila mimi sichezi juani.

Fundi wa Tovuti, Nyali

Bi, nadhani ulicheza nakala, si mchezo wenyewe. 2048 aliutengeneza Gabriele Cirulli, kijana wa Italia, Machi 2014, akiwa na miaka 19, kazi ya wikendi moja, kisha msimbo, yaani maagizo yanayouendesha mchezo, akauacha wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana nakala hazihesabiki, na nyingine zimebandikwa matangazo kila upande. Msimbo wake unahifadhi mchezo ndani ya kivinjari kila unaposogeza, kwa hivyo hata ukurasa ukianza upya, 1024 yako unaikuta palepale. Hiyo yako bila shaka sehemu hiyo imetolewa.

Kuhusu kidole: kukivuta chini ndiyo ishara ya kivinjari ya kufungua ukurasa upya. Cirulli ameizuia, lakini juu ya ubao tu. Ukianzia kwenye pointi hapo juu, kinachokusikia ni kivinjari, si mchezo. Anzia katikati ya ubao. Ukingoni mwa kioo usiguse kabisa, maana simu nyingi zinadhani unataka kurudi nyuma.

Baba Saumu, Kisauni

Mimi tangu utotoni nyekundu na kijani sizitofautishi, na 32 na 64 kwangu ni kitu kimoja. Nasoma namba, rangi siitazami. Pindo la Bi Leso nalipenda, lakini likiwa ni rangi tu halitanifaa. Liwe na mchoro: 512 vidoto, 1024 mistari, nijue bila kukodoa.

Bi Leso, Likoni

Baba Saumu umesema kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka. Pindo la leso si rangi peke yake, lina maua, lina vidoto, lina korosho.

Fundi, leo asubuhi nimetafuta nakala isiyo na matangazo. Nikafika 256, na tulipoteremka upande wa kisiwani nikaufunga ukurasa makusudi. Nimeufungua tena dukani: 256 ipo. Kidole naanzia katikati, ingawa mkono bado unasahau. Jua ndilo lilelile, nimelazimika kuingiza simu ndani ya buibui nipate kivuli.

Sasa kama msimbo uko wazi, hayo mapindo waweza kuyatia? Nitayachora kwenye karatasi nikupigie picha. Ya 1024 nimeshaanza, ni korosho nne, moja kila pembe.