MREJESHO: Kile kiwanja changu cha pembeni ya Mto Mbezi

Wakuu, niliuliza hapa kama naweza kujenga kwenye kiwanja changu cha mita 25 kwa 40 kilicho jirani na Mto Mbezi, Dar es Salaam. Nawashukuru sana mlioniambia nisimwage hata tripu moja ya mchanga kabla ya kupima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo ya mto. Mimi nilikuwa nahesabu kuanzia maji ya kiangazi! Mpima alivuta futi kutoka ukingoni: hadi bikoni (jiwe la mpaka) ya nyuma, upande wa mtoni, ni mita 34. Yaani mita 26 za kiwanja hazijengeki, zimebaki 14. Kwenye mwembe wa jirani akanionyesha mifuko ya nailoni iliyonasa usawa wa bega langu, mabaki ya mafuriko. Niliishiwa nguvu.

Ramani ya vyumba vinne nimeiacha. Nachorewa kaghorofa kembamba upande wa barabarani, shimo la choo nalo linahamia mbele. Kule nyuma nimeshapanda migomba.