Mlimtelekeza baba akiwa hoi, leo mnakuja kupima kiwanja?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Baba yangu mdogo alipata kiharusi akiwa Mbagala, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho la ukuli bandarini. Mwanawe wa kwanza ana gari, ana nyumba Goba. Alikuwa anatokea mwisho wa mwezi tu, na si kumjulia hali mzee: anakusanya kodi za wapangaji, huyo, kaondoka. Mzee akiomba hela ya dawa anajibiwa "kwani wewe hufi?" watu wanasikia. Kuna siku alimsukuma mzee akaangukia kizingiti. Aliyemwogesha, akamlisha uji na kumfulia mashuka ni binti wa mwisho, muuza vitumbua. Wapangaji, watu baki kabisa, ndio waliokuwa wakichanga nauli ya bajaji kwenda hospitali.

Mzee katutoka. Arobaini haijafika, kaka mkubwa kaja na dalali na futi. Na kikao cha ukoo kikampitisha yeye huyo huyo awe msimamizi wa mirathi! Wazee wetu wameshiba pilau, wanatuambia damu ni damu. Hiyo damu ilikuwa wapi mzee anajisaidia kitandani?

Kinachoniuma zaidi, mzee alisema. Mbele yangu, mjumbe na wapangaji wawili: "Huyu asipewe hata bati moja." Nimeenda kwa wakili, naambiwa haitoshi. Sisi ni watu wa mila, na kwa Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lile la sheria za mila za urithi na wosia, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa ukoo nilikuwa peke yangu. Kumnyima mtoto urithi kunaruhusiwa kabisa, na sababu zimo humo humo: kumshambulia mzazi, kutomtunza kwenye njaa au ugonjwa bila sababu ya maana. Huyu bwana anazo zote mbili! Ila mzee alitakiwa ataje wazi kwamba anamnyima na kwa nini, halafu mtoto apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mzee mwenyewe au mbele ya baraza la ukoo. Hakuitwa na mtu. Na bila wosia, mila hiyo hiyo inampa mtoto wa kiume wa kwanza fungu nono, mabinti wanakuja mkiani. Kwa hiyo aliyesukuma anabeba, aliyeogesha anaokota makombo.

Wazee mliomo humu, kufoka uani si wosia. Andikeni mkiwa na akili timamu, wekeni mashahidi, mwiteni huyo mtoto mumwambie usoni, karatasi mkaihifadhi RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia. (Waislamu mna utaratibu wenu, huko mrithi hafutwi kwa wosia.)

Wiki ijayo tunaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo asipewe usimamizi. Mwanasheria yeyote aliyepo: ushahidi wa wapangaji kuhusu mzee kusukumwa utatusaidia kumwondoa? Na kodi alizokula mzee akiwa hai, zinadaiwa wapi?

Wale wa "msameheni, ni ndugu yenu", piteni kimya kimya.