Mjadala wa wazi juu ya maji ya mto: ruhusa ni ya nani, na jina la kampuni litajwe?

MwanaKampemba
Ndugu zangu wa L'shi (Lubumbashi), mnisaidie. Kikundi chetu cha vijana huku Kampemba kinataka kuandaa mjadala wa wazi kwenye jumba la parokia, watu kama 80, juu ya mto unaopita nyuma ya kartie (mtaa wetu). Watu wanalalamika kwamba kiwanda kilichoko upande wa juu ndicho kinachouchafua. Shefu wa kartie anadai tulete ruhusa ya komini, yaani ofisi ya wilaya ya mji. Mwenzetu mmoja anasema tukitaja jina la kampuni tu, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inatuita. Mwingine anasema haina faida, watu watatukanana halafu watarudi makwao. Je, ruhusa inahitajika? Jina litajwe? Na kikao kiendeshwe namna gani ili kizae kitu?

Wakili_Katuba
Ndugu, nianze na karatasi. Katiba ya Kongo (RDC) ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23 kinalinda uhuru wa kusema, cha 24 haki ya kupata habari, cha 25 mikutano ya amani. Cha 26 kinahusu maandamano ya barabarani na mahali pa wazi, na hata huko kinachodaiwa ni kuwaarifu wakuu kwa maandishi, si kuwaomba. Hiyo "ruhusa" inatoka kwenye dekreti-sheria (amri ya serikali yenye nguvu ya sheria) namba 196 ya 29 Januari 1999, ambayo maofisa bado wanaishika ingawa Katiba imekuja baada yake na iko juu yake.

Msibishane na shefu. Mwandikieni mkuu wa komini barua, kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, na shefu apewe nakala. Wekeni mada, mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, majina na simu za watu watatu wanaowajibika. Kichwa cha barua kiwe "Taarifa". Ukiandika "Ombi la ruhusa" umempa mtu mlango wa kukataa, na akinyamaza mtaambiwa amekataa. Nakala moja irudi na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Wakigoma kugonga muhuri, iacheni mbele ya mashahidi wawili na muandike saa.

Kuhusu jina, angalieni mambo mawili. Kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu kinamkamata anayemtwika mtu tendo maalum, hadharani na kwa nia mbaya, tendo la kumvunjia heshima: kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, au moja ya hizo. Kisomeni polepole: hakiulizi kama tendo ni la uongo. Kwa hiyo kusema "lakini ni kweli" hakutoshi. Nia yenu ya kuchunguza lazima ionekane kwenye maneno yenyewe. Halafu kuna kanuni ya dijitali ("code du numérique"), ordonansi-sheria, nayo ni amri yenye nguvu ya sheria, namba 23/010 ya 13 Machi 2023, kifungu cha 360: anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mtandaoni anapata kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya hizo. Anayesambaza naye yumo. Kijana anayekata kipande cha sekunde 40 na kukirusha kwenye grupu la WhatsApp anaweza kuwa hatarini kuliko aliyesema jumbani.

Kwa hiyo msiseme "mkurugenzi anatuua". Semeni: "Maji yaliyochotwa tarehe fulani, mita 50 chini ya bomba la kiwanda, upande maji yanakoelekea, yana shaba kiasi hiki, juu ya bomba yana kiasi hiki. Tunaiuliza kampuni ieleze tofauti hiyo." Jina linatajwa hapo bila shida kubwa. Na mtu akikamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba: aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na polisi wasimshike zaidi ya saa 48 bila kumwachia au kumkabidhi kwa mamlaka ya mahakama.

Kemia_wa_Golf
Sentensi ya Maître (wakili wetu) ni nzuri, ila hizo namba mtazipata wapi? Hapo ndipo mijadala mingi ya mazingira inapovunjika. Mtu anasimama na chupa ya Fanta yenye maji ya kahawia, jumba linapiga kelele, kesho kampuni inauliza chupa ilioshwaje, na mazungumzo yanaishia hapo.

Chukueni chupa za polietileni za mililita 500 zilizooshwa kwenye laboratwari (maabara) kwa asidi ya nitriki iliyopunguzwa nguvu. Chota juu ya bomba, karibu nalo, na chini yake, yote siku moja. Suuza kila chupa mara 3 kwa maji yale yale kabla ya kujaza. Lakini kama laboratwari imeshaweka asidi ndani, usisuuze, utaimwaga. Sampuli ya metali inatiwa asidi hadi pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2, kwa sababu bila hiyo sehemu ya metali inanata kwenye kuta za chupa na namba inatoka ndogo. Baada ya mvua maji yana udongo mwingi na metali inapanda pamoja na udongo, kwa hiyo pimeni yaliyochujwa kwa chujio lenye matundu ya mikroni 0,45 na yasiyochujwa, kila moja peke yake. Ongezeni chupa moja ya maji safi ya laboratwari, ifunguliwe pale mtoni na kufungwa tena: ikitoka na shaba, uchafu umetoka mikononi mwenu. Kila mahali chukueni chupa mbili, ya pili muwape kampuni wapime wenyewe. Wakikataa, andikeni kwamba wamekataa.

Viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) ni vya maji ya kunywa: shaba miligramu 2 kwa lita, risasi mikrogramu 10, aseniki 10, urani 30. Kobalti haina kiwango cha WHO. Mkisema "kobalti imepita kiwango cha WHO", mtaalamu wa kampuni atawamaliza kwa sentensi moja, na mengine yote mliyosema kweli yatazama nayo.

Utafiti wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wa 2009, uliopima metali kwenye mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda, unatajwa mpaka leo. Uliwalinganisha na watu wanaoishi mbali, na ulieleza njia yake. Anayeupinga anajua pa kushika.

Mzee_Kamalondo
Wanangu, nawasikia. Lakini msisahau mji huu. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maneno yaliyosemwa jukwaani. Kampuni hiyo ina wafanyakazi wa makabila yote, na mkurugenzi ana kabila lake. Maikrofoni ikifunguliwa, nani ataifunga?

Wakili_Katuba
Mzee, heshima yako. Kuna ordonansi-sheria namba 66-342 ya 7 Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, bado ipo. Anayesema "watu wa kabila fulani watoke" hana kinga ya kifungu cha 23. Kumbuka pia kwamba maneno ya miaka ile yalitoka kwa viongozi wa jimbo wenyewe. Kuwanyamazisha vijana wanaouliza habari za bomba hakungeyazuia.

Mama_Msimamizi
Jibu la Mzee liko kwenye uendeshaji pia. Maikrofoni isitoke mkononi mwa msimamizi. Yeye anaishika, mtu anasema. Dakika 3 kila mmoja, saa ionekane na wote. Wakubwa wasianze: mkuu wa komini akifungua, vijana na wanawake hawatampinga tena. Anzeni na mwenye namba, dakika 10, halafu maswali ya kuelewa tu, hukumu baadaye. Anayefanya kazi kiwandani hatasimama mbele ya watu, kwa hiyo gaweni karatasi mlangoni, kila mtu, hata asiye na swali, arudishe yake imekunjwa. Msimamizi anazisoma bila jina na kuzichana.

Kampuni ialikwe kwa barua siku 14 kabla. Isipokuja, mtu mmoja wenu asome utetezi wake kwa nguvu zote, kama mwajiriwa wake: labda uchafu unatoka kwenye garaji zinazomwaga mafuta, au kwenye lundo la zamani la mabaki ya madini. Kama hamwezi kulijibu hilo, mmejifunza kabla ya kwenda ofisini. Na msigawe pesa ya transporti. Waliolipwa wanasema kinachompendeza mlipaji.

Katibu aigawe karatasi yake katika safu tatu: lililopimwa, linalodaiwa, lisilojulikana. Isomwe mbele ya wote kabla ya kufunga, watu wasahihishe.

MwanaKampemba
Asanteni sana, Mama, Maître, wote. Ile safu ya tatu tunaipeleka wapi?

Wakili_Katuba
Kwenye petisheni, yaani barua ya madai kwa wakuu. Kifungu cha 27 cha Katiba: mamlaka ya umma iliyopelekewa inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Itajeni na sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira, inayompa kila mtu haki ya kupata habari hizo. Swali moja kwa kila aya, kwa mfano "bomba linapimwa mara ngapi kwa mwaka, na nani?" Mkiyachanganya, watajibu lile jepesi. Muhuri wa kupokea, kama kawaida, na tarehe ya miezi 3 iandikwe ukutani kwenye jumba.