Duboisi wangu wanavimba matumbo, na jike mmoja amefumba mdomo, hali chakula. Nifanye nini?

Salma wa Tabata

Wadau, habari zenu. Naombeni msaada wa haraka kwa yeyote anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika nyumbani.

Nina duboisi, wale ambao utotoni wanakuwa weusi wenye madoadoa meupe. Niliwanunua wanane wakiwa wadogo, nikaambiwa wametoka Kigoma. Wawili wakubwa wameshabadilika, kichwa buluu na mkanda mpana wa njano ubavuni. Tangi ni la lita 120, liko sebuleni, chini kuna mchanga na mawe machache, lina chujio la kuning'inia na pampu moja ya hewa. Maji ni ya bomba. Chakula nawapa asubuhi, mchana na jioni: dagaa wa kusagwa, na siku nyingine kiini cha yai au moyo wa ng'ombe uliokwanguliwa, maana muuzaji alisema wakishiba wanakua haraka.

Wiki hii mmoja alianza kujitenga juu kwenye kona. Akawa anachukua chakula na kukitema, kinyesi kirefu cheupe kinaning'inia, halafu tumbo likavimba. Jana amekufa. Leo naona wa pili anaanza vilevile. Dume mkubwa anawafukuza wenzake kutwa nzima.

Kuna na jike mmoja ambaye hali kabisa, kidevu kimetuna, anatafunatafuna mdomo mtupu. Naye anaumwa, au ndiyo ana mayai? Sitaki kumtia dawa kama hana ugonjwa.

Fundi Matangi

Pole dada. Tumbo kuvimba na kinyesi cheupe ndiyo wafugaji wanaita bloti. Nunua flagyl duka la dawa, saga kidonge cha miligramu 250 kwa kila lita 40 za maji, zima taa, weka na chumvi kidogo. Wahi, maana ikishafika kwenye magamba kusimama hawaponi.

Mzamiaji wa Katonga

Binti yangu Salma, pole sana. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimezamia miaka mingi nikikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wasafirishaji, kwa hiyo duboisi nimemjua kwao ziwani kabla ya kumwona kwenye kioo. Sasa nimeacha kuzamia, nawazalisha hapa nyumbani.

Kwanza jike. Huyo hana ugonjwa, ana mayai mdomoni. Kule kutafunatafuna ni kuyageuza mayai ili yapate hewa. Usimguse, na hiyo flagyl isiingie kwenye maji aliyomo. Nitarudi kwake.

Sasa wagonjwa. Nimesoma orodha ya chakula chako mara mbili, na jibu limo humo humo. Ukishuka kwenye miamba kusini ya Kigoma, kule Maswa wanakotoka hao wenye mkanda mpana wa njano, utamkuta duboisi kuanzia mita tatu hivi kwenda hadi kumi na tano, kichwa kimeinama kwenye jiwe. Kazi yake mchana kutwa ni kukwangua mwani, ule utelezi wa kijani ulioshika mawe. Chakula hicho ni hafifu, kinahitaji kukaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana utumbo wake ni mrefu sana na umejikunja mara nyingi. Hakuumbiwa kushiba mara tatu kwa siku, ameumbiwa kudonoa kidogo kidogo. Dagaa, kiini cha yai na moyo wa ng'ombe vikiingia kwenye utumbo ule vinakaa humo, vinachacha, na vijidudu ambavyo kila samaki anavyo vinapata nafasi ya kushamiri. Kuhe naye ni jamaa yake wa ukoo mmoja kwenye ziwa hilohilo, lakini kuhe anawinda samaki. Ukimpa kuhe dagaa umemtendea haki. Duboisi ukimpa dagaa unamuua taratibu. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie "chakula cha sikilidi", yaani cha ukoo huo wa duboisi na kuhe, bila kukwambia ni cha sikilidi yupi.

Fundi hajakosea kuhusu dawa, flagyl inasaidia mgonjwa akiwahiwa angali anapokea chakula. Ila mgonjwa atengwe kwanza kwenye ndoo au tangi dogo lenye pampu, dawa iwe huko. Chumvi ya jikoni iache. Wengine wote wafungishe siku tatu au nne, wasipewe chochote, na kila siku ubadilishe theluthi ya maji. Samaki mzima hafi kwa siku nne za kufunga.

Wakishatulia, waanzishie unga au vipande vya spirulina, ule mwani mkavu wa dukani, kiasi kidogo wanachomaliza ndani ya dakika moja. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto ukalainika, au njegere zilizomenywa ganda, ni vizuri pia. Lakini dawa yangu mimi ni mawe. Chukua mawe ya mtoni yaliyo bapa, yaoshe, yaweke kwenye beseni la maji juani uani kwako. Jua la Dar litayafanya ya kijani bila hata kuhangaika. Yakishashika utelezi, tia mawili kwenye tangi, wakiyamaliza yarudishe juani, weka mengine. Utawaona wanavyoyavamia. Rangi ya duboisi anayekwangua mawe haifanani kabisa na ya anayesubiri kurushiwa chakula juu ya maji.

Jambo la pili ni yule dume. Ziwani duboisi hutembea peke yake au wawili wawili, na anayefukuzwa ana mwamba mzima wa kukimbilia. Kwenye lita 120 mnyonge anakimbilia wapi? Anabanwa kwenye kona, hofu haimtoki, na samaki mwenye hofu ndiye wa kwanza kuvimba tumbo. Nimewaona hata wale waliokuwa wakilishwa vizuri wakivimba kwa sababu hiyo tu. Watu wanadhani dawa yake ni kupunguza samaki, kumbe ni kuwaongeza: kumi na tano au ishirini, majike wawili watatu kwa kila dume, kwenye tangi la lita 300 au zaidi, ili hasira ya dume igawanyike asipatikane wa kuandamwa peke yake. Kama tangi kubwa haliwezekani kwa sasa, rundika mawe mengi mpaka dume asiweze kuona tangi lote kutoka upande mmoja. Na usiingize mgeni mmoja mmoja. Waingize kwa kundi, siku hiyo hiyo upangue mawe yote, kila mmoja aanze upya kutafuta mahali pake.

Kaka wa Nyegezi

Mzee kamaliza kwenye chakula. Mimi nagusa maji, kwa sababu wagonjwa wengi wa bloti ninaoletewa wanakuwa na maji mabaya pia.

Ziwa Tanganyika lina pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu 9, na maji yake ni magumu, yaani yana madini mengi. Watu wanakimbilia kupandisha pH, wanasahau amonia. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na ukali wake unategemea pH. Maji yakiwa na nyuzijoto 25 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Kwa hiyo tangi la Tanganyika halisamehi chujio bovu. Dada Salma, lile sponji la chujio usilioshe kwenye bomba, klorini inaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Tangi jipya linahitaji kama wiki nne hadi sita bakteria hao washike, hata muuzaji aseme nini.

Maji ya bomba yakinge kwenye pipa wazi, yapige pampu ya hewa siku nzima kabla ya kuyatumia. Kupandisha ugumu, weka vipande vya matumbawe ya zamani, yale mawe ya kujengea nyumba za pwani, ndani ya chujio. Usiende kuvunja matumbawe hai baharini. Soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai kwa lita 50 inatosha kuanzia, ila iyeyushe kwenye maji mapya ya kubadilisha, usimwagie samaki moja kwa moja.

Na joto. Ziwani ni nyuzi 24 hadi 28 hivi. Dar mwezi wa pili tangi la sebuleni linavuka 30 na hewa kwenye maji inapungua. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo inayookoa maisha, iwe karibu muda wote.

Salma wa Tabata

Shikamoo mzee wangu, na asante kaka. Mgonjwa nimeshamtenga, wengine wanafunga. Dagaa nimeacha kabisa.

Mzee, huyu jike nimwache humo humo au nimtoe? Nimesoma mahali kwamba watu wanamfungua mdomo kuwatoa vifaranga. Na nikitaka kuongeza wengine wafike kumi na tano, niagize kutoka ziwani?

Mmanyema wa Köln

Salma, naongeza moja tu kutoka huku Ujerumani. Wafugaji wa hapa wana duboisi wa Maswa waliozaliwa kwenye matangi vizazi na vizazi, na kila mmoja anaandika samaki wake wametoka sehemu gani ya ziwa. Usiwachanganye na wale wenye mkanda mwembamba mweupe kutoka sehemu nyingine, wala na aina nyingine za jamii yao. Watazaana, na vifaranga hutaweza kumpa mtu ukamwambia ni nani.

Mzamiaji wa Katonga

Marahaba binti yangu. Umefanya vyema.

Mdomo usimfungue. Duboisi hatagi mamia ya mayai kama perege. Anataga machache, mara nyingi hayafiki 20, lakini ni makubwa, kila moja karibu na punje ya mbaazi. Anayaatamia kama wiki nne. Usishangae baadaye ukimwona anaanza kudonoa chakula, hajawatema. Watafiti wa Kijapani, Yanagisawa na Sato, waliandika mwaka 1990 kwamba majike wa jamii hii wanaendelea kukwangua mwani wakiwa na watoto mdomoni, na chakula hicho kinawafikia watoto. Ziwani tulikuwa tunawaona na vidomo vimejaa, bado wameinama kwenye jiwe. Kwa hiyo sasa hivi, yai likiwa bado changa, hali. Siku zikisonga atakula kidogo, nawe uwe na jiwe la kijani tayari.

Kumtoa sipendi. Jike akiondoka kwenye kundi anapoteza nafasi yake, akirudi anapigwa kama mgeni. Mwache humo. Kwenye kona moja rundika mawe madogo yenye mianya ya kupita kidole, dume asiweze kuingia. Vifaranga wa duboisi wakitoka mdomoni ni wakubwa, wanajikwangulia wenyewe siku hiyo hiyo, na hawa wazazi si walaji wa samaki, kwa hiyo wengi wanapona. Kama dume anamsumbua mno mpaka anaelekea kutema, hapo gawanya tangi kwa kipande cha kioo au wavu wa plastiki, aendelee kuwaona wenzake.

Kuhusu kuagiza kutoka ziwani, nikushauri kama mwanangu: tafuta kwanza waliozaliwa tangini. Samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa kinatanuka. Sisi tulikuwa tunawapandisha kwenye vizimba hatua kwa hatua, na bado wengine walikufa njiani. Halafu mawe yenyewe yanapungua. Milima iliyolimwa mpaka ukingoni inamwaga tope mvua ikinyesha, tope linalala juu ya mwani, duboisi anakosa cha kukwangua. Ziko sehemu karibu na mji nilizozifahamu zikiwa za kijani, sasa ukipitisha mkono kwenye jiwe linatimka vumbi majini. Kila kifaranga anayezaliwa Tabata ni mmoja ambaye hakuna haja ya kumtoa kule. Mimi mwenyewe nina wa Maswa waliozaliwa hapa, wana urefu wa kidole kidogo. Jike wako akishatema na tangi likatulia, niandikie pembeni tuone namna ya kuwasafirisha.

Na vifaranga wakizidi siku moja, wape wafugaji wenzako. Usimwage hata mmoja mtoni wala bwawani.

Mgonjwa uliyemtenga, ubadilishie nusu ya maji kila siku kabla ya kuongeza dawa ya siku hiyo. Akianza kutoa kinyesi cheusi au cha kijani, mpe siku mbili zaidi ndiyo umrudishe, usiku, taa zikiwa zimezimwa.